Tatuu ni Kidonda Kwanza: Somo kwa Anayetaka Kuchora, Kufunika au Kufuta

Wasomi wenzangu, bumu likiingia kuna wanaolipa madeni ya kantini, kuna wanaobadilisha simu, na siku hizi kuna wanaokwenda kuchora tatuu. Mjadala wetu hosteli kuhusu jambo hili huwa na pande mbili tu. Mmoja anasema ni uhuni, mwingine anasema mwili ni wake na asiulizwe. Wote wawili wanaruka swali ambalo kwangu ndilo la kwanza: sindano ilitoka wapi, nani aliishika, na kidonda kilichobaki kinatunzwaje? Sijaandika kumkataza mtu wala kumshawishi. Nimeandika ili anayeamua aamue akiwa anajua.

Si jambo geni

Kuchora mwili hakukuletwa na video za muziki. Mwaka 1991, kwenye barafu ya milima ya Alps mpakani mwa Austria na Italia, ulikutwa mwili wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Ngozi yake ilikuwa na alama 61 za kuchorwa. Hapa kwetu Wamakonde walichanja uso na mwili, kisha wakapaka unga wa mkaa kwenye michanjo ili alama ibaki. Hata lugha yetu inakumbuka: neno "nembo", tunalolitumia kwa alama ya taifa au ya chuo, lina maana pia ya alama iliyochanjwa mwilini. Na "chanjo" ya hospitali inatokana na kitendo kilekile cha kuchanja.

Mashine ya umeme ndiyo ya juzi. Samuel O'Reilly wa New York aliisajili mwaka 1891, akifuata muundo wa kalamu ya umeme ya Thomas Edison. Kwa hiyo sindano imebadilika, wino umebadilika, lakini ngozi ni ileile.

Wino unakaa wapi?

Tabaka la juu la ngozi hujimenya na kujifanya upya kila baada ya wiki chache. Wino ungebaki hapo, tatuu ingeondoka yenyewe kama hina. Ndiyo maana sindano hushuka hadi tabaka la pili, penye mishipa midogo ya damu na neva. Mwili unauona wino kama mvamizi, na seli za kinga zinakuja kuumeza. Zinaumeza, lakini zinashindwa kuusaga, zinabaki nao palepale. Utafiti wa wanasayansi wa Ufaransa uliotolewa mwaka 2018, uliofanywa kwa panya, ulionyesha kwamba seli hizo zikifa huuachia wino, na seli mpya zinaumeza tena. Kwa maneno mengine, tatuu inadumu kwa sababu kinga yako haijamaliza kazi.

Hapo kuna mambo mawili ya kushika. Kwanza, sindano inagusa damu. Pili, kufuta si kusugua juu, maana kitu chenyewe kiko chini.

Sindano moja, mikono minne

Mazoezi ya kufundisha niliyafanya nyumbani kwetu, kata ya Songambele, wilaya ya Kyerwa, katika shule moja ya sekondari. Tukiwa kwenye mada ya afya na kinga, niliona vijana wanne wa kidato cha kwanza wana herufi mbichi mkononi, ngozi imevimba. Walikuwa wamechorana wenyewe kwa sindano ya kushonea na wino wa kalamu ya kawaida. Sindano ilikuwa moja, mikono minne.

Wenzao walicheka, mimi sikucheka. Mkoa wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walikotambuliwa, mwaka 1983. Wazee wetu walijifunza kwa gharama kubwa kwamba wembe na sindano havichangiwi. Vijana wale wanajua kukariri njia za maambukizi ya VVU kwenye mtihani, ila hawakuihesabu tatuu kama mojawapo. Nilizungumza na mwalimu wa malezi, wazazi wakaitwa kwa utaratibu, na vijana wakapelekwa zahanati.

Pale nilisikia jambo ambalo kila mwanachuo anapaswa kulijua. Dawa kinga dhidi ya VVU huanza kutolewa ndani ya saa 72 tangu mtu alipojihatarisha, na kadiri anavyowahi ndivyo bora. Vijana wetu walikuwa wamechorana wiki iliyopita, muda ulishapita. Kilichobaki kilikuwa kupima, na kurudia kupima baada ya miezi mitatu. Majibu yao ni siri yao.

VVU si tishio pekee. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata kwenye tone la damu lililokauka usiloliona. Homa hiyo ina chanjo, na kwa mtu mzima kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita. Kaulize hospitali kabla hujaenda kuchora.

Kabla hujakaa kwenye kiti

Ukishaamua, kuwa mkaguzi. Sindano ifunguliwe kwenye pakiti mbele ya macho yako. Wino umiminwe kwenye kikombe kidogo kipya na unaobaki umwagwe, usirudishwe chupani. Wino usichanganywe na maji ya bomba. Mchoraji avae glavu mpya, na akigusa simu abadilishe. Mchoraji akikasirika kwa sababu umeuliza, hilo ni jibu tosha. Ondoka.

Angalia pia ukoo wako. Kuna watu wakipona kidonda, kovu linaendelea kukua na kutuna kupita kidonda chenyewe. Hiyo ni keloidi, na sisi wenye ngozi nyeusi tunaipata zaidi. Kifua, mabega na masikio ndiyo sehemu zake. Kama wewe au ndugu zako mna makovu ya aina hiyo, achana na tatuu.

Na wale wanaosema "mimi nachora piko tu, ya muda", tahadhari ni ileile. Hina halisi inatoa rangi ya kahawia au nyekundu. Ile nyeusi tii inayokolea haraka mara nyingi ina rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, ambayo inaweza kuleta malengelenge na mzio wa maisha.

Wiki mbili tatu za kwanza

Nawa mikono kabla ya kugusa. Safisha kidonda taratibu kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato, kausha kwa kitambaa safi, siyo taulo mnalotumia chumba kizima. Paka mafuta ya mgando kidogo sana, ngozi ing'ae tu, isiogelee. Usimwage unga wa vidonge vya rangi mbili, usipake dawa ya meno wala majivu. Ikiwasha, usikune, gaga likitokea, usilibandue. Usiogelee mtoni wala bwawani mpaka pafunge, na zuia jua kwa nguo pana.

Uwekundu unaosambaa, usaha, homa, au michirizi myekundu kutoka kwenye kidonda ni dalili za kwenda zahanati siku hiyohiyo. Na Damu Salama wakija chuoni, sema ukweli kwamba umechora karibuni. Watakuambia usubiri.

Kufunika na kufuta

Hapa ndipo wengi wanakuja wakiwa wamechelewa. Jina la mpenzi limebaki, mwenye jina ameondoka. Njia ya kwanza ni kuchora juu yake, ila tatuu ya pili lazima iwe kubwa na nyeusi kuliko ya kwanza, na kidonda cha kwanza kiwe kimepona kabisa. Njia ya pili ni kuficha kwa vipodozi: rangi ya machungwa kwanza ili kuua ule weusi wa samawati, halafu fondesheni ya rangi yako, halafu poda. Hiyo inatosha kwa siku ya mahafali, si kwa maisha.

Njia ya tatu ni leza. Mwanga wake unavunja wino vipande vidogo ambavyo mwili unaweza kuviondoa. Inahitaji vipindi vingi, vikitenganishwa kwa wiki kadhaa, na kila kipindi kinalipiwa. Kwa ngozi nyeusi mashine ikikosewa inaacha mabaka, kwa hiyo muulize daktari wa ngozi kama ana leza ya mawimbi ya 1064, ambayo ni salama zaidi kwetu. Kwa mtu wa Songambele, kuifuata Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kila mara. Kwa sababu hiyo watu wanakimbilia pasi ya moto, maji ya betri na mkorogo. Vyote vinaunguza ngozi, wino unabaki, na sasa una kovu juu ya tatuu.

Lingine ni ajira. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi yamekuwa na sharti kwamba mwombaji asiwe na alama za kuchora mwilini. Vipodozi havitakusaidia mbele ya daktari wa usaili. Sisi walimu watarajiwa nasi tunakwenda vijijini ambako mzazi anakuangalia mkono kabla hajasikia unafundisha nini. Unaweza kusema si haki, na mjadala huo tuufanye. Lakini ujue bei kabla ya kununua.

Basi, kabla hujatoa hela, jijibu maswali manne. Sindano ni mpya na nimeiona ikifunguliwa? Nina siku za kutosha za kuuguza kidonda kabla ya UE au TP? Kazi ninayoitaka inaruhusu? Nikibadili mawazo, nina uwezo wa kulipia kufuta? Ukikwama hata kwenye moja, subiri bumu lijalo. Ngozi haiendi popote.