SOMO LA USALAMA: UJUMBE WA “ILE HELA TUMA KWENYE NAMBA HII”

Ndugu mkazi, yamkini umewahi kupokea ujumbe usemao, “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Aliyeuandika hakujui. Ameusambaza kwa watu wengi, akitumaini kumpata mmoja ambaye saa hiyohiyo anajiandaa kutuma ada ya mtoto, kodi ya nyumba au mchango wa kikundi. Kwa huyo, uongo hufanana kabisa na ukweli.

Tapeli mwingine hutuma ujumbe wa kuonyesha kwamba umepokea fedha, kisha hupiga simu akilia kwamba amekosea namba, umrudishie upesi. Wa tatu hujifanya mhudumu wa kampuni ya simu na kuomba namba yako ya siri. Wote watatu hutegemea silaha moja, nayo ni haraka. Kinga yake ni kutua na kuhakiki, kama ifuatavyo:

1. Kabla ya kutuma, mpigie mhusika kwa namba yake uliyoizoea, usikie sauti yake. Kisha soma jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha.

2. Ukiambiwa umetumiwa fedha kimakosa, tazama salio katika menyu ya simu yako. Usiuamini ujumbe peke yake. Hata zikiwa zimeingia kweli, usizitumie wala usizirudishe mwenyewe. Mwelekeze aliyezituma awasiliane na kampuni yake, ili muamala urejeshwe kwa utaratibu.

3. Namba ya siri usimtajie mtu yeyote. Mhudumu wa kweli haihitaji.

4. Unaposajili laini, ukitakiwa kuweka kidole tena, uliza sababu. Baadaye piga *106# ukague laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha Taifa. Ukiona usiyoitambua, nenda katika duka la kampuni husika ikafungwe, kwani uhalifu utakaofanywa kwa laini hiyo utaanza kutafutwa kwa jina lako.

Iwapo umekwisha kutapeliwa, piga 100 mara moja, kwa kuwa fedha ambazo bado hazijatolewa zaweza kuzuiwa. Usifute ujumbe, kwani ni ushahidi: upeleke kwenda 15040 pamoja na namba ya aliyeutuma, kisha toa taarifa katika kituo cha Polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawahusu watu hawa.

Wengi walioibiwa hunyamaza kwa kuona aibu, wakihofia kuchekwa. Ukimya huo ndio unaompa tapeli nafasi, maana namba isiyoripotiwa huendelea kutumika, na kesho humfikia jirani. Waelezeni somo hili wazee na vijana nyumbani, na katika mikutano ya vikundi vyenu. Atakayesema yaliyompata asichekwe, bali ashukuriwe, kwa kuwa amewakinga wenzake.