Saa Kumi Dubai

SWALI: Natoka Dar es Salaam kwenda London, na kati ya ndege mbili nitakaa Dubai muda wa saa kumi, kuanzia asubuhi. Nitoke nje au nisubiri uwanjani?

JIBU: Toka, dada yangu, ila shughulikia viza kwanza. Kwa pasipoti ya Tanzania unahitaji viza ya mpito, ya saa 48 au 96, nayo huombwa kupitia shirika la ndege kabla hujasafiri. Usiitegemee mlangoni.

Watu wengi hukimbilia Burj Khalifa. Ni mita 828, utaliona hata kwa mbali. Mimi ningekupeleka Deira. Panda metro kwenye stesheni ya Terminali 3, badilisha Union, ushuke Al Ras. Hatua chache tu harufu itakupokea: karafuu, iliki, zafarani, na malimau makavu meusi yanayogongana guniani kama kokoto. Kisha ushuke gatini. Wenyewe wanapaita khor. Ndilo neno letu hori. Majahazi yamefungwa ubavu kwa ubavu, mengine yakisheheni tairi na friji, na mtu wa pwani hawezi kuyapita bila kusimama.

Vuka kwa abra, boti la mbao, nauli dirhamu 1. Ng'ambo kuna Al Fahidi, mtaa wa zamani wenye minara ya kunasa upepo. Ijumaa adhuhuri maduka hufungwa kwa sala. Julai na Agosti, beba maji mengi, na urudi uwanjani saa tatu kabla ya ndege.