Laini imezimwa, mbona inapiga?

*Mimi ni fundi wa laini za kilovolti 33. Juzi mwenzangu alipigwa shoti juu ya nguzo ilhali umeme ulishazimwa. Sasa naogopa kupanda. Fundi, Morogoro*

Pole, fundi. Hofu yako ina msingi: kuzima swichi peke yake hakutoshi. Jenereta ya mteja huweza kurudisha umeme kupitia transfoma, na laini hai iliyo jirani huzalisha umeme kwenye iliyozimwa.

Hakikisha swichi imepigwa kufuli na una kibali cha kazi. Pima kila waya kwa kipimo ulichokijaribu kwanza. Kisha, kwa fimbo isiyopitisha umeme, funga ethi pande zote mbili za unapofanyia kazi: anza kuunga ardhini, ndipo waya. Huioni ethi? Usiguse.

Mwenzako aende hospitali akapimwe moyo, hata akijiona mzima.