Keki Mia Tatu kwa Siku Moja



Mwaka huu kidato cha tatu ndio watakaopika keki ndogo za mahafali yetu, kama ilivyo desturi ya shule. Mwaka jana kazi hiyo ilikuwa yetu. Tulipika keki 300, na katika hizo keki 120 za mwisho hazikuumuka. Nimeona yafaa nieleze sababu yake na jinsi tulivyojisahihisha baadaye, ili wadogo zetu wasianze pale tulipoanzia sisi.

Siku ile mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa jiko. Niliamini kwamba kazi ikiwa nyingi, njia ya kuimaliza upesi ni kuikusanya pamoja. Basi saa moja ya asubuhi tukachanganya vitu vyote mara moja katika mabeseni mawili makubwa, kisha tukaanza kuoka. Tuna oveni mbili za mkaa, za bati, na kila moja huingia keki 30. Mkupuo wa kwanza ulitoka vizuri sana, na wa pili vilevile. Wa tatu keki zilikuwa fupi kidogo. Wa nne na wa tano zilitoka bapa na nzito. Nilidhani moto umepungua, nikaongeza mkaa. Zikaungua juu, wala hazikupanda.

Keki nzuri zililiwa na wageni waliowahi. Wazazi waliotoka mbali, ambao basi lao lilichelewa, walizikuta zile bapa. Mmoja wao alikuwa mama yangu, aliyetoka Kitaya, karibu na mto Ruvuma, kuja kumwona kaka yangu akimaliza masomo. Alikula nusu ya keki yake akasema ni tamu. Nusu ya pili akaifunga katika pindo la kanga awapelekee wadogo zangu. Sikumwambia kuwa mpishi ni mimi.

Sasa tutazame sababu. Keki hizi huumuliwa na beking pauda. Ndani yake mna magadi pamoja na asidi iliyo katika hali ya unga. Vikiwa vikavu, vitu hivi viwili hukaa pamoja bila neno. Vikipata maji huanza kushambuliana na kutoa hewa ya ukaa, ambayo ndiyo inayofanya matundu madogo katika keki. Sehemu ya hewa hiyo hutoka mara tu rojo linapolowana, na sehemu nyingine hutoka likipata moto. Rojo likikaa beseni bila kuokwa, hewa hupanda juu na kutoweka. Tulipofanya hesabu na mwalimu wetu wa Kemia tuliona kosa waziwazi. Kuoka mkupuo mmoja huchukua dakika 25, na kutoa keki, kupanga nyingine na kupalia moto upya huchukua dakika 10. Jumla ni dakika 35. Kwa hiyo rojo la mkupuo wa tano lilingoja mara nne dakika 35, yaani dakika 140, nalo katika joto la jiko! Hata kama tungeongeza beking pauda, isingetufaa, kwani ikizidi keki huwa chungu.

Hapa ndipo penye fundisho. Katika kupikia watu wengi, usianze kwa kuuliza, "Tuna unga kiasi gani?" Uliza kwanza, "Oveni yaingia keki ngapi?" Kipimo cha rojo lazima kifuate oveni.

Kipimo chetu cha asili ni cha keki 20: unga wa ngano gramu 200, sukari gramu 200, siagi gramu 200, mayai 4, tui zito mililita 100, na beking pauda vijiko vidogo 2. Kwa keki 300 zidisha kwa 15. Utapata unga kilo 3, sukari kilo 3, siagi kilo 3, mayai 60, yaani trei mbili, tui lita moja na nusu, na beking pauda vijiko 30. Lakini usivichanganye! Gawanya kwa 5, kwa sababu mikupuo ni mitano. Kila fungu la keki 60 litakuwa na unga gramu 600, sukari gramu 600, siagi gramu 600, mayai 12, tui mililita 300 na beking pauda vijiko 6.

Vitu vikavu vipimwe kwa mizani, si kwa kikombe. Unga ulioshindiliwa na unga uliochekechwa havilingani katika kikombe kimoja. Ukikosea gramu 20 katika kipimo kimoja, kwa vipimo 15 umekwisha kukosea gramu 300.

Tena yakupasa kujua ni kitu gani chaweza kungoja na kipi hakiwezi. Unga na beking pauda vyaweza kupimwa usiku wa kuamkia siku yenyewe, vikachekechwa pamoja na kutiwa katika mifuko mitano iliyofungwa vizuri, maana hewa yetu ya pwani ina unyevu. Sukari nayo ipimwe usiku. Tui likamuliwe asubuhi, kwa kuwa likilala katika joto huchacha. Nazi 5 au 6 zatosha. Mayai yavunjwe asubuhi, moja moja katika kikombe kabla ya kumiminwa pamoja na mengine, kwani yai viza moja huharibu yote kumi na mbili.

Mkupuo mmoja unapoingia ovenini, wapigaji waanze kupiga siagi na sukari za fungu linalofuata mpaka ziwe nyeupe na laini. Kisha watie mayai kidogo kidogo. Mchanganyiko huu waweza kungoja, maana beking pauda haijaingia. Keki zilizomo ovenini zikikaribia kuiva, ndipo unga na tui vitiwe kwa zamu, vikorogwe polepole mpaka unga usionekane, basi. Ukikoroga sana keki huwa ngumu. Rojo limiminwe mara moja katika vibati vyenye karatasi, lifike theluthi mbili tu, na juu yake zinyunyizwe korosho zilizokatwakatwa. Korosho ni mali ya kwetu Mtwara, hatuna haja ya kutafuta pambo la dukani.

Kuhusu moto, mkaa wa juu uzidi wa chini. Moto wa chini ukiwa mkali, matako ya keki huungua kabla kati hakujaiva. Kupima, choma keki kwa njiti safi ya chelewa. Ikitoka kavu, keki imeiva. Usifungue mlango kabla ya dakika 15 kupita, kwa sababu keki ambayo haijashika hubonyea katikati ikipata baridi.

Watu wanane wanatosha: wawili wa moto, watatu wa kupiga, wawili wa kumimina, na mmoja wa kushika saa. Huyu wa saa asipewe kazi nyingine yoyote. Mwaka jana hatukuwa naye.

Njia hii tuliijaribu siku ya wazazi mwezi wa tano mwaka huu. Keki zilikuwa 300 vilevile na oveni zilezile mbili. Tulianza kuoka saa mbili ya asubuhi, tukamaliza kabla ya saa tano. Mama mpishi wa shule alichukua keki moja ya mkupuo wa kwanza na moja ya mkupuo wa tano, akaziweka katika sahani moja, akatuuliza ni ipi ya kwanza. Hatukuweza kumjibu.

Zoezi kwa kidato cha tatu: Mkiazima oveni ya tatu iliyo sawa na zetu, na wageni wakawa 360, kila mmoja keki yake, mikupuo itakuwa mingapi? Kila fungu litataka unga na mayai kiasi gani, na kazi ya kuoka itachukua muda gani?

Jawabu: Mikupuo 4 ya keki 90. Kila fungu litataka unga gramu 900 na mayai 18. Muda ni dakika 140.

Vibati tumeviosha na kuvikausha, vimo stoo pamoja na mizani. Mwenye swali aje bwenini kwetu jioni baada ya chakula, nitamjibu. Siku ya mahafali mama yangu atakuja tena kutoka Kitaya kwa basi lilelile, na huenda akachelewa. Nawaombeni mkupuo wa tano uwe kama wa kwanza.