Nzi wa Mabibo na Nazi ya Bibi

Desemba nilipokwenda likizo Mikindani nilimkuta bibi yangu ameacha nazi. Binamu yangu alimsomea kwenye simu kwamba wataalamu wamegundua mafuta ya nazi yanafupisha maisha, na bibi ana presha. Mchuzi wa samaki usio na tui aliuvumilia. Kilichonitisha ni kwamba, kwa kuwa nazi ameiacha, aliona vidonge navyo havina kazi tena, akaviweka kabatini. Nikaomba ile simu nisome mwenyewe. Waliofupishiwa maisha ni nzi.

Nzi hao tunawafahamu. Si wale wanaoharibu maembe, ambao bwana shamba hutufundisha kuwatega. Ni wale wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka mabibo yaliyochacha na vyombo vya uraka. Jina lao la kisayansi ni Drosophila melanogaster. Watafiti huwapendea ufupi wa siku zao: kwenye joto la nyuzi 25 yai huwa nzi kamili kwa siku kama 10, na maabara nzi huishi miezi miwili au mitatu. Anayechunguza chakula na uzee hana haja ya kusubiri miaka 70.

Mwaka 2010 watafiti wa California walichapisha matokeo ya kuchanganya mafuta ya nazi katika chakula cha nzi, hadi sehemu 30 kwa 100. Nzi walijaa mafuta, na mioyo yao (ndiyo, nzi ana moyo, mrija mwembamba mgongoni) ikaharibika utendaji. Walihusisha madhara hayo na mfumo wa seli uitwao TOR, unaopima wingi wa chakula na kuiamuru seli ikue. Mfumo huo ulipopunguzwa nguvu, moyo ulinusurika. Majaribio mengine yameonyesha kuwa nzi wanaolishwa mafuta mengi hufa mapema.

Hayo ni kweli. Lakini kutoka kwa nzi tunafikaje kwa bibi? Aristotle, katika kitabu chake kidogo kuhusu urefu na ufupi wa maisha, aliona kuwa vitu vyenye mafuta haviozi upesi, hivyo akayahesabu mafuta ya mwilini kuwa msaada wa uhai. Leo tunayaogopa. Hata hivyo ni yeye aliyetufundisha kukitazama kila kiumbe kwa maumbile yake. Nzi huyu kwa asili hula hamira inayoota kwenye matunda yaliyooza, chakula chenye mafuta kidogo mno. Kipimo cha 30 kwa 100 kilimtoa kabisa katika asili yake.

Sisemi nazi haina neno. Sehemu kama 90 kwa 100 ya mafuta yake ni ya jamii moja na yale yanayotawala katika mafuta ya ng'ombe, yanayopandisha lehemu katika damu; ya korosho zetu mengi si ya jamii hiyo. Ila kwa bibi upo ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 1996 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Lugalawa, kusini mwa nchi yetu. Wanavijiji wa mwambao wa Ziwa Nyasa, wenye kula samaki kwa wingi, walilinganishwa na wenzao wa milimani wanaotegemea mimea. Wala samaki walikuwa na presha ya chini na lehemu kidogo zaidi. Kulinganisha vijiji si jaribio, kwani huenda zipo tofauti nyingine kati yao, lakini angalau hao ni watu. Na hakuna mahali utafiti huo unaposema mgonjwa aache dawa.

Nilimweleza bibi haya akiwa anaparua samaki. Alinyamaza, kisha akauliza, "Hao nzi, frateri, walipewa tui la kwanza au la pili?"

Nilicheka, halafu nikaona ndilo swali lenyewe: kiasi gani? Wiki nne za seminari sikulifikia kwa maneno machache hivyo.

Kesho yake asubuhi tulikwenda zahanati. Presha ilikuwa juu. Muuguzi alipima mara mbili. Vidonge amevirudia. Nazi sasa anakuna moja kwa mapishi mawili, na tui la kwanza ameliwekea sikukuu.