Sahira ni Nani?

Ndugu zetu wa darsa hapa Garissa wametuuliza maana ya neno "sahira", kwani neno hili limekuwa jepesi mno katika ndimi za watu. Mume akimsikiliza mkewe, husemwa: "Kamsihiri, kamtia chupani!" Mke mdogo akipendwa, mkubwa hudai ni sihiri. Ajuza akiishi pekee, watoto humkimbia kama kwamba yeye ni Dhegdheer, yule mla watu mwenye sikio refu wa hadithi za Kisomali. Hadithi ni ya kutishia watoto. Si ushahidi wa kumhukumia jirani.

Kwa Kiarabu, sahir ni mwanamume afanyaye sihiri, na sahira ni mwanamke. Wasomali huandika "sixir", na hiyo x ni ha ya kooni. Sisi watu wa pwani twaichanganya na ha nyepesi, ndipo wengine wakadhani "sahira" iliyomo katika Suratun-Naaziat, aya ya 14, ni mwanamke mchawi. Sivyo kabisa! Ile ni ha nyingine, na maana yake ni uso wa ardhi. Ama wachawi wa Firauni waliomkabili Nabii Musa, hao walikuwa wanaume.

Itasemwa: na Suratul-Falaq je, aya ya 4, "wapulizao mafundoni"? Kweli neno ni la umbo la kike, na wafasiri wengi wamesema ni wanawake. Lakini Zamakhshari ametaja kuwa yaweza kuwa ni nafsi au makundi, kwani nafsi kwa Kiarabu ni neno la kike. Na aliyemfanyia sihiri Mtume (S.A.W.), kwa riwaya ya Bukhari, ni Labid bin Al-Aasam, naye ni mwanamume.

Hatusemi kuwa sihiri haipo. Suratul-Baqara, aya ya 102, yataja mafunzo ya kumfarikisha mtu na mkewe; na tiwala, yaani dawa ya kumvuta mume, imekatazwa katika hadithi. Mwanamke aendaye kwa mganga kuitafuta amefanya dhambi kubwa. Lakini huyo ni yule aliyethibitika. Ama mapenzi ya mume na mke, Suratur-Rum, aya ya 21, yatwambia ni Mwenyezi Mungu aliyeyatia baina yao. Vipi basi tuyaone nyumbani kwa jirani, tuseme ni kazi ya shetani?

Na khatari yake si ya maneno tu. Kule Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na waliowaua ni jamaa zao wenyewe mara nyingine. Serikali ya kikoloni ilipotunga Sheria ya Uchawi mwaka 1925, ilifanya kosa kumtuhumu mtu uchawi isipokuwa mbele ya wenye mamlaka, kama polisi au chifu. Waislamu walikuwa na haja gani ya kungoja Mwingereza awafundishe hilo, na Suratul-Hujurat, aya ya 12, inasomwa misikitini?

Darsa ijayo, Inshaallah, ni aya ya 5 ya Suratul-Falaq: khabari ya hasidi.