Somo: Habari za Nyumbani

Soma: Wakolosai 4:7-9, Mithali 25:25, Walawi 19:16.



Mtume Paulo alikuwa kifungoni alipowaandikia Wakolosai. Baada ya mafundisho mazito anamalizia kwa jambo la kawaida: anawatuma Tikiko na Onesimo wakawaeleze hali yake na mambo ya huko aliko. Hakuona haya kuwa upuuzi. Ni vigumu kumwombea vema mtu ambaye hujui hali yake.

Mithali inafananisha habari njema za mbali na maji baridi kwa mwenye kiu. Sisi wa Newala, huku juu kusikokuwa na mito, ambako mama zetu walishuka mabondeni kuteka maji, mfano huu tunauelewa upesi.

Kanisa letu nalo lina ushuhuda. Padre Chauncy Maples wa UMCA alihudumu Masasi, na baada ya misheni kushambuliwa na Wagwangwara mwaka 1882, akahudumu Newala. Mwaka 1895, akiwa Askofu wa Likoma, alizama katika Ziwa Nyasa. Mwaka 1897 dada yake alitoa kitabu cha maisha yake chenye barua zake. Barua za jamaa zikawa historia yetu.

Basi, tupashane habari gani?

Kwanza, kazi za nyumbani. Aliyefaulu kubebesha miche ya mikorosho awaonyeshe wenzake. Aliyeona ubwiriunga shambani mwake aseme mapema, majirani wakague mikorosho yao.

Pili, wanyama. Mwaka 2005 watafiti walieleza kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 nchini Tanzania, na Mkoa wa Lindi, jirani zetu, uliumia sana. Sababu moja ni hii: nguruwe pori huharibu mazao, wakulima hulala madunguni kulinda mashamba, na simba wanaowafuata nguruwe huwakuta watu. Aliyeona nyayo asingoje Jumapili.

Tatu, habari za jamaa: aliyejifungua, aliyelazwa, kijana aliyeko mbali.

Wengine watasema, huu si umbea? Walawi 19:16 inakataza uchongezi. Lakini aya hiyohiyo inakataza pia kuhatarisha uhai wa jirani. Kwa hiyo ulimi unaweza kukosa kwa kusema, na unaweza kukosa kwa kunyamaza. Kipimo ni hiki: ya nyumba yako yaseme kwa uhuru, ya nyumba ya mwenzako omba ruhusa kwanza, ya hatari yaseme mara moja.

Maswali ya kujadiliana:

1. Ni nani katika mtaa wetu ambaye hatujajua hali yake mwezi huu? Nani atakwenda kumwona?

2. Mnyama mkali akionekana usiku, habari itawafikiaje wasio na simu?

3. Ni habari gani ya nyumbani kwako ingeweza kumsaidia jirani, nawe hujaisema?

Bwana azibariki nyumba zenu.